Picha ya Baba na Maneno Yake

Jirani yetu anadai kuwa marehemu baba, aliyekuwa mchapaji, alimharibia kijitabu cha harusi kwa kuandika "Bibi harusi" chini ya picha ya keki. "Mwenzenu nilioa keki!" husema. Kumbe baba aliongeza mstari mmoja tu juu, picha ya bibi harusi ikarukia ukurasa wa pili, maneno yake yakabaki chini ya keki.

Baada ya hapo alinifundisha kufunga picha na maneno yake ndani ya kisanduku kimoja kwenye kompyuta, visiachane. "Picha na maneno yake ni mtu na kivuli chake, binti."

Leo, kwenye kompyuta yake ileile, naandaa kijitabu cha kumkumbuka. Picha yake nimeifunga ndani ya kisanduku, ila nafasi ya maneno iko tupu.

"Mama, nitajie ya kuandika, nichape."

Mama anapangusa vumbi kwenye skrini, usoni pa baba.