Hitilafu ya Mlango wa Nyuma

Kile kisanduku cha king'ora ukutani kilianza kulia wiki ileile mume wangu alipokileta. Tii. Kinanyamaza. Tii. Taa ya njano inawaka, na kwenye kioo maandishi: HITILAFU, MLANGO WA NYUMA. Nilikichukia tangu siku ya kwanza, na nilikuwa na sababu.

Kililetwa kwa ajili ya mwanangu. Kitindamimba wetu, tuliyemwita Njiti kwa wembamba wake, alikuwa ametekwa na vidonge vya kulevya, na vidonge havinunuliwi kwa maneno matamu. Kwanza ilitoweka redio, kisha mashine ya randa ya baba yake, ambaye ni seremala. Siku hiyo baba mtu alimtoa nje mbele ya majirani na kuapa: "Ukirudi humu, king'ora kitakuitia mtaa mzima!" Na mtaa wetu ukisikia king'ora hauulizi wewe ni mtoto wa nani. Unakuja na mawe. Nilimwambia mume wangu kwamba hata hayo mawe yana huruma kumshinda yeye.

Nikampigia simu fundi wa kisanduku.

"Umeme upo, mama? Mlango umefungwa vizuri?"

"Upo. Umefungwa."

"Basi itakuwa betri ya kile kidude cha mlangoni."

Akaja, akabadilisha betri, kelele zikakoma. Kesho yake jioni, tii.

Baba Njiti akawaka kuliko mimi. "Mafundi wa siku hizi! Wanafunga na kukimbia." Kila jioni alibonyeza kitufe cha kuwasha ulinzi, kisanduku kikakataa, akakitukana, kisha akabonyeza kile cha kuuruka mlango wenye hitilafu. Hapo ndipo kilipokubali. Madirisha yakalindwa, mlango wa mbele ukalindwa. Wa nyuma ungeweza kufunguliwa na mtu yeyote na king'ora kisingelia.

Fundi akarudi. Safari hii alipiga magoti, akaufungua mlango na kuufunga taratibu, akanionyesha. Kidude kiko kwenye fremu, sumaku iko kwenye mlango. Mlango ukifungwa vinakaribiana. Vikiachana zaidi ya unene wa kidole, kisanduku kinaamini mlango uko wazi.

"Mlango wenyewe hauna kosa," alisema. "Aliyeuchonga anaijua kazi. Lakini mama, sumaku haina miguu. Kuna mtu anaibandua."

Akanitazama. Mimi!

"Mwanangu, kazi za nyumba hii zimeniishia hata nikacheze na sumaku?"

Aliibandika upya, akaondoka huku akificha kicheko.

Jioni ile nilikuwa stoo nachagua vitunguu, mlango nimeurudishia, kupitia mwanya nikamwona Baba Njiti akiingia jikoni na patasi yake nyembamba. Aliipenyeza chini ya sumaku kwa upole, kama anayemtoa mtoto mwiba, akaibandua na kuibandika juu zaidi. Kisha akatoka nje, mlango akauacha wazi, akainua ile ndoo iliyopinduliwa kando ya ukuta, ambayo tumekuwa tukiweka ufunguo chini yake tangu watoto wakiwa shule. Ufunguo ulikuwepo. Akairudisha ndoo. Sebuleni kisanduku kikalia, naye akapaza sauti: "Kimeanza tena, kidubwana hiki!"

Nilikaa juu ya gunia la vitunguu nikalia, na siyo kwa vitunguu. Nilifurahi na niliona aibu, vyote kwa pamoja. Sikumwambia kitu. Patasi alikuwa ameisahau kwenye dirisha la jikoni, nikaiacha palepale. Fundi alipopiga simu kuuliza, nikamwambia tumeshazoea.

Miezi ikapita hivyo. Kila asubuhi niliitazama ndoo, na kila asubuhi ilikuwa haijasogezwa.

Habari ililetwa adhuhuri na mwanetu mkubwa, akasimama kizingitini asiweze kuingia. Njiti alikuwa ameingia kwenye nyumba ya watu, mtaa wa pili tu kutoka kwetu. King'ora cha nyumba hiyo hakikuwa na hitilafu yoyote. Watu walitoka na mawe.

Tulimzika. Wageni walipotawanyika nilimkuta Baba Njiti magotini jikoni, sumaku mkononi, skrubu mbili midomoni. Aliirudisha sumaku mahali pake akaikaza. Sebuleni sauti ikakatika. Nilikwenda kutazama: taa ya kijani, MFUMO UKO TAYARI.

Nikarudi mbio. "Itoe, Baba Njiti. Nakuomba, iache ilivyokuwa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nami nilijua kwamba unajua. Miaka yote patasi ikilala jikoni kwako ni vita. Mara ukanyamaza."

Nikakaa naye sakafuni, tukauegemea ule mlango aliouchonga mwenyewe.

"Wewe ulijua," alisema. "Mimi nilijua. Hata yule fundi alikaribia kujua." Alifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la mbao. "Mama Njiti, na mtoto mwenyewe je, nani alimwambia?"

Tulikaa pale hadi giza likaingia, na kisanduku hakikulia hata mara moja.