Kofia ya Hermia

Kosa lilikuwa kichwani, tena kichwa chenyewe cha Kaisari! Hermia alikuwa amechonga muhuri wa kugongea sarafu za dhahabu: Kaisari akimimina divai madhabahuni. Kazi safi, mpaka mikunjo ya vazi. Ila alimwacha kichwa wazi, kama wanavyotambika kwao Smirna, mji wa Wagiriki. Hapa Roma? Thubutu! Hapa mtu hatambiki bila kujifunika kichwa kwa upindo wa vazi, na sarafu mia tatu zilikwisha kugongwa.

Msimamizi Vibio akaingia karakanani na moja kiganjani, mishipa ya shingo imemtoka. "Nani kamwacha Kaisari kichwa wazi mbele ya miungu? Nani?"

Nyundo zikanyamaza. Mwezi ujao Hermia alikuwa aachwe huru, baada ya miaka kumi na tisa ya utumwa. Akisema "mimi," basi tena. Akainamia kazi yake.

"Si mzee Damoni huyo?" akasema mpiga nyundo mmoja. "Macho yenyewe ukungu mtupu. Juzi kaisalimia nguzo!"

Wakaangua kicheko. Damoni, aliyemfundisha Hermia kushika patasi tangu hajaota ndevu, akaomba ile sarafu. Hakuiangalia. Aliipapasa kwa kidole gumba, taratibu, mpaka kwenye mikunjo ya vazi, kidole kikasimama. Aliujua mkono wa mwanafunzi wake, na Hermia aliona kwamba ameujua.

"Ni yangu, bwana," mzee akasema. "Uzee huu."

Siku ileile walinzi wakamkokota kumpeleka machimboni. Mlangoni akageuka. "Hermia, mwanangu, ile patasi yangu ndogo chukua wewe."

Na Hermia, mwanamume mzima, akajibu, "Haya, mzee." Basi! Hata asante hakusema, maana angeshukuruje bila kujitaja? Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mwezi ukafika. Hakimu akamtangaza huru, wakamnyoa, wakamvika kofia ya sufu, ile ya walioachwa huru. Wenzake wa karakana walikuja wote kumshangilia.

"Funika vizuri, Mgiriki!" akapaza sauti yule mpiga nyundo. "Usije ukawa Damoni!"

Wakacheka mpaka machozi. Hermia alijionea kinyaa. Akaivuta kofia hadi kwenye nyusi, akacheka nao.