Dorkasi Achelewa Hospitali

Hospitali kila mtu huwahi. Ukitoka Vugiri unashuka mlima na giza, unashika namba, saa mbili umeshaonwa. Dorkasi aliwahi hivyo mara mbili, na mara zote mbili alikutwa macho yamefunguka vizuri kabisa, akaandikiwa vitamini. Jamani! Ikifika alasiri kope zinamwangukia, ugali haushuki kooni, jembe halinyanyuki.

"Uvivu tu huo," alisema Emiliana, mama mkwe wake. "Mara ya tatu wasipoona kitu, utarudi kwenu Handeni."

Dorkasi alilia mpaka akachoka kulia. Kisha akawaza: mbona wananipima nikiwa nimetoka kulala? Ugonjwa wangu unakuja na kazi! Basi siku ya tatu hakuwahi namba ng'o. Alilima matuta ya viazi tangu alfajiri, bila kupumzika, Emiliana akibaki kumshangaa. Ndipo wakashuka Korogwe pamoja. Saa nane mchana waliingia kwa daktari, kope zimefunga, Emiliana akimwongoza kwa mkono.

"Mbona mmechelewa hivi?" aliuliza Daktari Semboja.

"Nimechelewa makusudi," Dorkasi alijibu, sauti ikimtokea puani. "Leo utaniona nilivyo."

Daktari aliagiza barafu, akaifunga ndani ya glavu, akaiweka juu ya jicho la kulia. Dakika mbili. Alipoiondoa, kope ilikuwa imepanda.

"Eti!" Emiliana alimaka.

"Juu ya seli za misuli kuna vipokezi," daktari alieleza, "protini ndogo zinazopokea ujumbe wa neva. Nadhani kinga ya mwili wake inavishambulia. Akipumzika, vilivyobaki vinamtosha. Akifanya kazi, ujumbe unafifia, msuli unagoma. Baridi inasaidia kwa muda mfupi tu. Tutapima damu tuhakikishe, na dawa zipo."

"Kwa hiyo si uvivu?" Emiliana aliuliza.

"Uvivu? Huyu kila akikaza ndipo anazidiwa."

Emiliana alimtazama mkwewe. "Na mimi kutwa namwambia akaze."

"Nami nilikaza, mama," Dorkasi akasema.

Emiliana aliichukua ile barafu mkononi mwa daktari, akaiweka mwenyewe juu ya jicho la pili, akaishikilia mpaka vidole vyake vikafa ganzi.