Ambulensi Isiyozinduliwa

Ile ambulensi ilikaa miezi minane kwenye yadi ya Mwikwabe pale Migori, mpya, haijabeba hata mtu wa kuumwa jino. Wakubwa wa kaunti walisema haitoki mpaka mheshimiwa apate nafasi ya kuja kuizindua. Wagonjwa wangoje, mheshimiwa ana shughuli.

Mwikwabe ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni iliyoiagiza. Kabla ya tai na ofisi alikuwa dereva wa mbio za magari, mguu wake haukuijua breki. Siku hizi roho yake yote ilikuwa kwa timu yake ya mpira kule Homa Bay. Marehemu mkewe, Joyline, aliipenda timu hiyo kuliko alivyompenda yeye. Tangu afe nyuma ya pikapu, kwa kukosa gari la wagonjwa, ni timu hiyo tu iliyomwamsha Mwikwabe asubuhi.

Jumamosi moja, saa nane na nusu, nahodha wake Bravin alimpigia simu.

"Bosi, tumekwisha! Ambulensi tuliyokodi imechukuliwa na msafara wa mheshimiwa."

Sheria ya ligi ilijulikana. Bila ambulensi uwanjani mechi haichezwi, na refa hungoja nusu saa tu. Walikuwa wamepoteza mechi mbili hivyo hivyo. Ya tatu, timu inafutwa. Waliotunga sheria hiyo hawakuuliza ambulensi zenyewe ziko wapi.

"Refa anapuliza saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Mwambie nakuja nayo."

Akachukua funguo za ile mpya. Alifika Rongo mbio kama anayefukuzwa na nyuki. Vijana wa boda boda wakapiga kelele, "Ya maonyesho imetoroka!"

Alipokata kona ya kwenda Homa Bay na kwenda kidogo, akakuta wanawake wamesimama katikati ya barabara. Alipiga honi, hawakusogea. Mama mmoja, Jerusha, akashika dirisha.

"Asante Mungu, mmefika! Tumewapigia tangu asubuhi!"

"Mama, mimi sikutumwa na—"

"Ni Marcella, mke wa kijana wangu. Mtoto amekaa vibaya. Zahanati imesema Homa Bay."

Saa tisa na dakika tano. Mwikwabe akashuka, akafungua nyuma. Hamkuwa na kitanda, hamkuwa na hewa ya kupumulia, ni bati tupu na harufu ya plastiki. Wakamlaza Marcella sakafuni, juu ya leso, Jerusha akapanda naye.

Mwikwabe akakanyaga mafuta. Tuta la kwanza tu, Marcella akapiga ukemi.

"Polepole, baba!" Jerusha aligonga kioo kwa ngumi. "Unamuua!"

Akaachia. Gari likatambaa. Simu ikalia.

"Bosi, refa ameshika saa. Kimbiza!"

"Siwezi kukimbiza."

"Wewe? Wewe ndio huwezi?"

"Nina mgonjwa, Bravin. Nina mtu nyuma."

Bravin hakukata simu. Mwikwabe akaiweka kwenye kiti, akaendelea kukwepa mashimo moja moja, nyuma Jerusha akiita, "Nyathina, nyathina," mtoto wangu, mtoto wangu. Baadaye kidogo, kutoka kitini, akasikia kipenga. Kirefu. Alikuwa hajafika hata nusu ya njia.

Hospitalini wauguzi walimkimbiza Marcella ndani. Jerusha akageuka mlangoni.

"Uwashukuru wakubwa wako kwa kukutuma."

Mlango ukafungwa, Mwikwabe akabaki nje.

Alipofika uwanjani, wachezaji walikuwa bado wameketi katikati, wamevaa jezi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuivua. Bravin alikuja kwa hasira.

"Sasa ndio umeileta! Ya nini?"

Akavuta mlango wa nyuma kwa nguvu. Akaona ile leso, na damu iliyotiririka mpaka kizingitini. Akaufunga taratibu.

"Amepona?"

"Sijui," Mwikwabe alisema. "Walinifungia mlango."

Akaketi kwenye nyasi na vijana wake.