Wachache Kupita Kiasi

Kazi yangu ni kukadiria kesho ya mbwa mwitu. Naishi Ikoma, karibu na geti la hifadhi, chumba kimoja, na mlinganyo ninaoujua kuliko ninavyowajua majirani. Mlinganyo wenyewe ni rahisi: wanyama wakijaa, wanagombania chakula na uzazi unapungua, wakipungua, nafasi inabaki kubwa nao wanaongezeka upesi. Ila kuna shimo pale chini. Mbwa mwitu wakiwa wachache kupita kiasi, wanakosekana wa kuwinda na wa kubaki na watoto. Nyama imejaa porini, nao wanakwisha.

Mama aliponipigia simu kwamba anataka kuoa, nilikasirika. Kwetu Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wa mahari akaoa mwanamke, na watoto watakaozaliwa wakawa wa mji wake. Tunaiita nyumba ntobhu. Mimi ni mtoto wake pekee, nimesoma, sijaolewa, na nilisikia kama ananiambia sikutosha. Nikapanda basi kwenda Tarime kumkataza. Ng'ombe ni wa marehemu baba, na mrithi wake ni mimi, wasingetoka zizini bila neno langu.

Nilimkuta uani peke yake, anapepeta mtama. Nyumba za baba zangu wadogo zilikuwa na kufuli, majani yamefika madirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Scholastica. Umekonda."

"Huyo msichana umemtoa wapi?"

"Frida? Wa Nkende. Ana mtoto mgongoni na kwao hawamtaki. Amekubali mwenyewe, nenda kamuulize."

"Atachoka na upweke wa hapa, aondoke."

"Aondoke. Wewe si uliondoka? Nilikufa?"

Nikaleta hesabu. Ndiyo silaha yangu nikizidiwa. "Mama, mji umeshakwisha huu. Tazama mliobaki: wewe mmoja, baba mdogo kule Sirari wa pili..."

"Usihesabu watu wangu."

Alisema taratibu, lakini ungo ulisimama. Nilikuwa nimesahau. Kwetu watu hawahesabiwi kwa mdomo, wala ng'ombe. Ni kuwaitia kifo.

"Hesabu hao mbwa wako," akasema, akaanza tena kupepeta. "Wanaendeleaje?"

"Wanakwisha."

"Njaa?"

"Hapana. Chakula kipo. Wamekosa wenzao."

Nilimtazama mama. Nyuma yake ghala lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na jikoni kulikuwa na sufuria ndogo ya kupikia ugali wa mtu mmoja. Nilijiona mjinga. Ningelia, lakini yeye hapendi watu wanaolia mchana.

"Toa ng'ombe, mama. Muoe."

Nilitegemea atafurahi. Aliweka ungo chini, akanitazama kama anavyonitazama nikiwa na homa.

"Ulifikiri naoa kwa ajili yangu? Mimi kimya nimeshakizoea. Ila siku nikifa, wewe ukitoka huko ukapiga hodi hapa, nani atakuitikia?"

Nilitaka kumwambia asihangaike, kwamba Ikoma nina watu. Nikaanza kuwahesabu moyoni, nikakosa wa kuanza naye.