Bega la Shemeji

Kama kuna kitu ambacho mkufunzi wa kiwanja cha shabaha hakukivumilia, ni mwanamume anayekuja na bunduki kubwa kuliko akili yake. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amefundisha, kwanza askari wa wanyamapori, sasa mtu yeyote mwenye kibali na muda wa kupoteza. Alikuwa amewaona waliofumba macho, waliolia, na mmoja aliyeangusha bunduki kisha akaiomba radhi. Wanafunzi walimwita Mama Bega, kwa kuwa kila somo lake lilianzia begani. Kama walimwita hivyo kwa heshima au kwa kejeli hakujua, wala hakuuliza.

Lakini hakutegemea kwamba wa ovyo kuliko wote angetoka kwenye ukoo wake mwenyewe.

Huyo alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwenye duka la vigae. Wauza saruji wawili, marafiki zake wa biashara, walikuwa wamemwalika kuwinda nyati, naye akanunua bunduki kabla ya kujifunza. Jumamosi moja akashuka garini amevaa kizibao cha mifuko kumi na minne. Mama Bega aliihesabu, yote mitupu. Mkewe alimfuata nyuma na uso wa mtu anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza.

"Tutaanza na hii," Mama Bega akasema, akimpa bunduki ndogo ambayo mlio wake haumwamshi paka.

"Shemeji, hiyo ni ya watoto. Mimi nimebeba maboksi ya vigae tangu sina ndevu. Bega hili lishazoea."

"Boksi la vigae halipigi teke."

"Nipe kubwa tu."

Angeweza kukataa. Lakini kile kizibao kilikuwa kimemchefua, akajisemea moyoni: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na kitako cha bunduki. Akamweleza mara moja tu. Kitako kikazwe kwenye lile shimo chini ya mtulinga, si juu ya mfupa wa bega. Shavu lilale juu ya mbao. Jicho likae vidole vinne kutoka kwenye darubini. Mwili uegemee mbele, kama unasukuma mlango uliokwama.

Shemeji aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Kisha akaegemea nyuma kama anapigwa picha, kitako kikining'inia, jicho amelibandika kwenye darubini.

Bunduki ilipolia, darubini ilimchana juu ya nyusi, kofia ikaruka, naye akakaa kitako bila kupenda. Risasi ilikwenda kulala kwenye tuta la udongo, mbali na shabaha.

"Hongera," Mama Bega alimwambia akimbandika plasta kwa mkono usio na huruma. "Nyati kakushinda, na hata hayupo."

Wanafunzi wengine watatu waliangua kicheko. Mdogo wake hakucheka.

Mama Bega alidhani hatamwona tena. Jumamosi iliyofuata shemeji akarudi amevaa shati la kawaida, akaomba mwenyewe ile bunduki ndogo. Wiki baada ya wiki akapanda ngazi, kutoka ile ndogo hadi bunduki ya marisau, ile ya kuwindia ndege, kutoka hiyo hadi kubwa yake. Mkao ukanyooka. Ila risasi zake zilikuwa zinakwenda chini, na Mama Bega alijua sababu. Akachukua bunduki, akampa mgongo, akaitia risasi ya bandia isiyo na baruti, akamrudishia.

Shemeji akalenga, akavuta. Tak. Mtutu ukachapa chini wenyewe, macho yamefumba kama ya mtoto anayepewa dawa chungu.

"Mmeona?" Mama Bega akawageukia wote. "Hakuna teke, hakuna mlio, na bado anapigana. Wengine huogopa simba. Huyu anaogopa tak."

Shemeji alipangusa viganja kwenye suruali. "Shemeji, nionyeshe yako," akasema, kwa sauti ya mteja anayeomba sampuli. "Nataka kuona inavyotakiwa kuwa."

Tangu aache kazi ya serikali Mama Bega hakuwa amefyatua bunduki kubwa. Kazi ya mwalimu ni kutazama, ndivyo alivyokuwa akisema. Lakini wote walikuwa wanamwangalia. Akampa shemeji bunduki aitie risasi azitakazo, akaipokea, akaikaza begani bila kosa. Ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ikatoboa ukingo wa shabaha. Ya pili ikasema tak, na mtutu ukainama.

Upana wa kidole tu. Wanafunzi wakapata ghafla kitu cha kutazama ardhini.

Shemeji hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma. Angecheka, Mama Bega angekuwa na la kumjibu.

"Kumbe ni ugonjwa wa wengi," shemeji akasema polepole. "Dawa yake nini?"

"Risasi nyingi za bunduki ndogo," akajibu. "Na kuivuta ikiwa tupu, mara hamsini kila siku, mpaka mkono usahau woga."

"Basi tuanze."

Wakaketi bega kwa bega mpaka saa sita, tak, tak, kama watu wawili wanaomenya karanga.

Mwezi uliofuata shemeji akaenda kuwinda. Mdogo wake ndiye aliyeleta habari, amenuna. Nyati alisimama mbele ya mumewe, hatua sitini. Akainua bunduki, akahisi jicho linaanza kufumba, akaishusha na kusema hayuko tayari.

"Wamemcheka njia nzima, dada. Wanamwita bibi harusi. Nitauficha wapi uso?"

"Na wao walipiga?"

"Mmoja alipiga. Nyati kakimbia na jeraha, mwongozaji kamtafuta siku mbili vichakani ndipo akammaliza."

"Huyo mpigaji anasemaje?"

"Eti bahati mbaya. Na bega limevimba, hawezi kuinua kikombe."

Zamani Mama Bega angekuwa na neno chafu kwa mwanamume anayeshusha bunduki. Neno alikuwa nalo hata sasa, ila wa kuambiwa alikuwa yule aliyepiga.

"Mwambie huyo mwenye bega nina nafasi Jumanne saa mbili asubuhi," akasema akivuta daftari. "Akiona haya kufundishwa na mwanamke, akae na bega lake."

Jumanne hakuja mtu, na Mama Bega hakushangaa.