Bustani ya San Blas

Zunilda Ayala alikuwa amevuka hamsini na magoti yalikuwa yakimsumbua, lakini jua la alasiri likilegea tu, utamkuta bustanini San Blas akicheza mpira wa wavu na wanawake wenzake wa mtaa. Bustani yenyewe si kubwa: bembea, miti kadhaa ya lapacho, na kiwanja cha udongo mwekundu walichokisawazisha kwa mikono yao. Alasiri moja ya Agosti, maua ya waridi ya lapacho yakiwa yametanda chini, walimkuta kijana ameinama katikati ya kiwanja akipigilia vigingi.

"We kaka, unatafuta hazina?" aliuliza Obdulia, mpigaji wao mkali.

"Napima ardhi, mama. Diwani Porfirio analeta supamaketi hapa. Baraza la mji likishapitisha, wanaanza kuchimba."

Wote wakamgeukia Zunilda. Diwani huyo alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

"Msinitazame hivyo," alisema Zunilda, uso umemwiva. "Hajaniambia neno."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Obdulia alinong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika na mtaa mzima.

Zunilda akamwendea yule kijana. "Mwanangu, vigingi vyako hatuving'oi. Ila sisi tunacheza hapa. Subiri tumalize."

Kijana akakaa kivulini kungoja. Wakamkaribisha tereré, ile chai ya majani inayonywewa kwa maji ya barafu, na mikate ya chipa yenye jibini. Mchezaji mmoja alipoteguka kifundo, wakamwita aingie badala yake. Giza lilimkuta anacheka, viatu vimejaa vumbi, hajapima kitu. Tangu siku hiyo wanawake wakawa wanakuja kwa zamu, asubuhi na jioni, na kiwanja hakikupata nafasi ya kuwa kitupu.

Haukupita muda, Porfirio akafika nyumbani kwa dada yake amevaa shati lake la mikutano.

"Zunilda, unaniaibisha mbele za watu. Mpira si mnaweza kucheza popote?"

"Karibu kiti kwanza, mheshimiwa. Hapo popote ni wapi?"

"Acha mzaha. Vijana wa mtaa huu wanashinda vibarazani, hawana kazi. Huyu Lorena wako nimeshamwombea nafasi ya keshia. Muulize."

Lorena, bintiye Zunilda, alikuwa akiosha vyombo. Aligeuka, mikono imejaa povu. "Mama, mimi kazi naitaka. Nimechoka kukaa. Sitakudanganya."

Maneno hayo yalimchoma Zunilda kuliko ya Obdulia. Alimimina maji ya barafu kwenye majani ya tereré, akampa kaka yake.

"Kazi uipate, mwanangu," alisema. "Sijasema supamaketi isijengwe. Kaka, si kuna lile eneo la tanuri la matofali, kule barabara kuu? Magugu matupu. Kwa nini wasijenge huko?"

"Kule kuna mwenyewe. Itabidi wanunue."

"Na San Blas?"

Porfirio alivuta fundo moja la tereré. "San Blas baraza linawapa bure."

"Kumbe sisi ndio tusio na mwenyewe."

Porfirio alikunywa mpaka maji yakaisha, akaondoka bila kuaga.

Siku ya kikao wanawake walikwenda na nguo zao za mchezo, wakajaa viti vya nyuma. Wakili wa kampuni alisema vizuri, watu wakatikisa vichwa kukubali. Zamu ya Porfirio ilipofika, alifuta miwani yake kwa muda mrefu hata mwenyekiti akakohoa.

"Mradi huu niliuleta mimi," alisema. "Supamaketi naitaka mpaka sasa. Lakini tumechagua San Blas kwa sababu ni pa bure, si kwa sababu panafaa. Hilo nilitakiwa niliseme mapema. Naomba kuuondoa mradi."

Madiwani wa chama chake walipiga kelele. Obdulia alipanda juu ya kiti akapiga mbinja. Zunilda alibaki ameketi, akilia kimya kimya.

Chama hakikumsamehe Porfirio. Uchaguzi uliofuata hakikumsimamisha. Kwa miezi kadhaa hakukanyaga kwa dada yake. Kampuni ilinunua lile eneo la tanuri, supamaketi ikajengwa kule, na Lorena alipata kazi kwa kupanga foleni kama wengine. Anakwenda kwa baiskeli kando ya malori, anarudi miguu imevimba.

"Ingejengwa hapo San Blas, ningekuwa natembea tu," humwambia mama yake.

"Najua, mwanangu," hujibu Zunilda, na kumtengea beseni la maji ya moto.

Jumapili moja Porfirio alitokea bustanini, akasimama pembeni ya kiwanja, mikono mfukoni, kama mtu aliyepotea njia. Zunilda alimwona, akabaki ameushika mpira. Obdulia akamwahi.

"Mheshimiwa mstaafu! Unajua kupiga mpira, au ulijua kupiga kura tu?"

Porfirio alimtazama dada yake. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.